Wezi Wakishaondoka: Kudai Bima ya Vitu vya Ndani Bila Kuzungushwa

Habari za jioni ndugu zangu, na wazee wangu shikamooni. Sitawachelewesha maana naona wengine mmesimama huko nyuma. Kazi yangu mimi ni madai ya bima ya vitu vya ndani, yani mtu akivunjiwa nyumba akaja kudai, faili lake linapita mezani kwangu kabla halijaenda kwa mwenye mamlaka ya kusaini malipo. Kwahiyo leo naongea kutokea upande ule wa meza ambao nyie huwa hamuuoni, na nitasema mambo yalivyo, hata yale ambayo wenzangu wa kazini wakiyasikia watanuna kidogo.

Kuna kitu kimoja nataka mkishike kabla ya yote. Wengi wanaokataliwa au wanaolipwa nusu ni watu wakweli kabisa, wameibiwa kweli, wamelia kweli, ila wamekuja mikono mitupu wakidhani kuibiwa kwenyewe kunatosha. Hakutoshi. Bima inalipa kile ulichoibiwa ambacho kimo kwenye mkataba na ambacho mtu asiyekujua anaweza kukubali kwamba kilikuwepo ndani ya nyumba yako siku ile, na huyo mtu asiyekujua ndo mimi. Sijawahi kukaa kwenye kochi lako, hiyo TV sijaiona, sijui kama zile hereni zilikuwa dhahabu au zilikuwa zinang'aa tu. Nina karatasi ulizonipa, basi.

Na hii hofu ya kampuni za bima, ya kudanganywa, haijaanza jana. Bima ya wizi wa nyumbani ilianza kushika kasi pale London mwishoni mwa karne ya 19, kuna bwana mmoja wa Lloyd's, lile soko la bima la London, anaitwa Cuthbert Heath alikuwa anakubali kukatia bima vitu ambavyo wenzake waliozoea meli na mizigo ya baharini hawakuwa na habari navyo, na wizi wa kuvunja nyumba ukawa mojawapo. Tangu wakati huo maswali ni yaleyale mawili: je, wizi ulitokea kweli, na je, hivyo vitu vilikuwepo? Kila fomu utakayojazishwa, kila swali utakaloona ni la kijinga, limetoka hapo. Ukilijua hilo hutachukia ukiulizwa mara tatu kitu kilekile.

Haya, siku yenyewe. Umerudi, mlango uko wazi na wewe uliufunga. Kama huna uhakika kwamba wameshatoka usiingie, hamna TV yenye thamani ya shingo yako, rudi nyuma piga simu polisi ukae mbali na hapo. Wakishahakikisha hamna mtu ndo uingie, na ukiingia mikono mfukoni. Najua mtu akikuta nguo zimemwagwa sakafuni kitu cha kwanza anataka kuokota na kufagia, hasa akina mama zetu, mgeni akija akute nyumba safi hata kama mgeni mwenyewe ni askari! Acheni. Ile fujo ndo shahidi wako. Toa simu, piga picha chumba kwa chumba, kwanza picha ya mbali inayoonyesha chumba kizima halafu ya karibu.

Za karibu piga nini? Piga mlango. Hapa nataka niwaonyeshe vizuri kwasababu hapa ndo madai mengi yanapofia. Mlango uliovunjwa kwa mtaimbo unaacha alama kwenye fremu, usawa wa kitasa, mbao inabonyea na kuchanika, rangi inabanduka, na kile kibati ambacho ulimi wa kitasa unaingia kinapinda au kinang'oka na skrubu zake. Piga hivyo vyote, weka hata ufunguo au sarafu pembeni ili mtu aone ukubwa wa alama. Kama ni dirisha, angalia vioo vimeangukia wapi, maana kioo kilichopigwa kutoka nje kwa kawaida vipande vingi vinaangukia ndani, na mkaguzi akikuta vipande karibu vyote viko nje kwenye nyasi atakaa chini aanze kuandika maswali. Kama nondo zimekatwa, piga zile ncha zilizokatwa. Kama ni kufuli, lile kufuli lililokatwa liokote, litie kwenye mfuko, andika tarehe, liweke. Nasisitiza hilo kwasababu kila siku ni hadithi ileile, fundi amekuja usiku kabadilisha kitasa, kile kibovu kaondoka nacho au kimetupwa, na siku ya ukaguzi mkaguzi anaonyeshwa kitasa kipya kinang'aa na kuambiwa cha zamani kilivunjwa. Inawezekana kilivunjwa. Lakini ushahidi uko jalalani.

Kwanini nang'ang'ania mlango? Kwasababu mikataba mingi ya bima ya wizi inadai kuwe na dalili za kuingia au kutoka kwa nguvu. Wameandika hivyo kwa herufi ndogo lakini wameandika. Mwizi akiingia kupitia mlango uliosahau kufunga, au dirisha lililoachwa wazi, au akatumia ufunguo uliouficha chini ya chungu cha maua, kwenye mikataba mingi hapo hakuna malipo, au yapo kwa masharti mengine kabisa. Vilevile wizi uliofanywa na mtu anayeishi humo ndani au uliyemkaribisha mwenyewe, mpangaji wako wa chumba, mgeni, mfanyakazi, mikataba mingi inautoa nje au inautaka uwe na dalili za kuvunja. Kuna mikataba mipana zaidi inayolipa hata bila kuvunja, ipo, na ada yake ni kubwa kidogo, na ndo maana kila siku nasema soma mkataba wako wewe, usisome wa jirani. Jirani alilipwa kwasababu ya karatasi yake.

Polisi mnakwenda kwa sababu mbili, wamtafute mwizi, na mpate ripoti yenye namba. Kwa upande wangu hiyo ya pili ndo naihitaji na bila hiyo faili halisogei. Nendeni haraka, kuna mikataba inasema mara moja, kuna inayotaja masaa 24, usisubiri wikiendi iishe. Na siku hiyohiyo ijulishe kampuni ya bima au broka wako, hata kwa simu fupi, halafu fuatisha na ujumbe wa maandishi ili kuwe na tarehe na saa. Mtu anasema nilipiga simu, aliyepokea simu kaacha kazi, mimi nitaamini nini?

Sasa kuna mtego pale kituoni na nimeshaona watu wema kabisa wameingia humo. Umefika umechanganyikiwa, askari anakuuliza vimeibiwa nini, unataja vitu vitano, TV, laptopu, simu, mkufu, hela. Anaandika vitano. Wiki mbili baadae ukituliza akili unagundua kamera haipo, drili haipo, lile begi la safari walilobebea vitu halipo, viatu havipo, unaleta kwetu orodha ya vitu ishirini na tatu. Mimi naweka karatasi mbili pembeni kwa pembeni, hii ya polisi vitano, hii yako ishirini na tatu. Unaona inavyoonekana? Na wala hujadanganya! Dawa yake ni ndogo tu, pale kituoni mwambie askari aandike kwamba orodha ni ya awali na nyingine itafuata, halafu ukigundua zaidi rudi kituoni uongeze kwenye ripoti ileile, na sisi utuletee ile iliyoongezwa. Sentensi moja hiyo inaokoa miezi ya barua.

Mlango uliovunjwa usiuache hivyo usiku kucha. Mkataba unakutaka uzuie hasara isiongezeke, wezi wakirudi kesho yake kupitia tundu lilelile utakuwa na shida ya kujieleza. Tengeneza kwa muda, piga picha kabla na baada, tunza risiti ya fundi kwasababu mara nyingi gharama hiyo nayo inadaika. Kama umepanga, mjulishe mwenye nyumba siku hiyohiyo, mlango na kitasa kwa kawaida ni mali yake na vinaangukia kwenye bima yake ya jengo wakati vitu vyako viko kwenye yako ya vitu vya ndani, watu wanachanganya hizi mbili kisha wanalaumu kampuni kwamba imegoma kulipa mlango. Na kama wameondoka na funguo badilisha vitasa, mikataba kadhaa inalipia hilo, uliza.

Simu na laptopu, zifunge kwa mbali kupitia akaunti yako na ubadilishe nywila, anza na ya barua pepe na za benki. Lakini usiondoe kifaa kwenye akaunti yako hata ukitumiwa ujumbe mzuri wenye linki unaosema simu imepatikana bonyeza hapa, huo ujumbe mara nyingi umetoka kwa mwenye simu yako sasa hivi, anataka umfungulie.

Tuje kwenye orodha, ambayo ndo roho ya dai lenyewe. Usiiandike kwa kukumbuka ukiwa umekaa ofisini kwako, kumbukumbu inaleta vitu vikubwa tu. Simama mlangoni kwa kila chumba, zunguka kufuata ukuta, fungua kila droo na kila kabati jiulize hapa kulikuwa na nini. Kwenye meza ya TV utakuta mraba hauna vumbi na nyaya zinaning'inia, piga picha mraba huo na nyaya hizo, hiyo ni picha nzuri kuliko maelezo ya kurasa mbili. Kila kitu kiandike kwa jina kamili, aina, modeli, ukubwa, mwaka ulionunua hata kama ni wa kukadiria, ulikinunua wapi au ulipewa na nani, na bei. Ukikadiria andika nimekadiria. "Laptopu moja" hainisaidii, inaniachia mimi kazi ya kuamua ilikuwa laptopu ya namna gani, na mwajiri wangu hanilipi mshahara ili nikufikirie laptopu ya bei mbaya.

Risiti huna. Najua huna, nani anatunza risiti ya pasi? Ila ushahidi upo mwingi kuliko mnavyodhani. Taarifa ya benki au ya pesa za simu inaonyesha siku uliyolipa. Barua pepe za manunuzi ya mtandaoni zipo mpaka leo, tafuta jina la duka kwenye inboksi. Boksi la simu lililobaki juu ya kabati lina IMEI, yani namba ya utambulisho wa simu hiyo, tarakimu 15, na kama boksi hamna, akaunti uliyosajilia simu mara nyingi inaonyesha vifaa vyako vyote na namba zake. Waranti, kitabu cha maelekezo, rimoti iliyobaki, chaja, hivi wezi hawabebi na vinasema kwamba kifaa kilikuwepo. Halafu picha za familia! Hizi ni dhahabu. Birthdei ya mtoto, watu wanakata keki na nyuma yao TV inaonekana mpaka nembo yake, harusi ya dada na mkufu shingoni unaonekana vizuri na simu imehifadhi tarehe iliyopigwa. Nimeshaona dai zima la vito likisimama kwa picha za sherehe tu, hamna risiti hata moja, kwasababu mkufu uleule ulionekana kwenye picha za miaka tofauti. Kama ni kitu cha urithi, barua kutoka kwa aliyekupa au ndugu aliyeshuhudia inasaidia, si ushahidi mzito lakini ni bora kuliko ukimya.

Ambaye hajaibiwa leo, akifika nyumbani achukue simu azunguke nyumba na video, afungue makabati, ageuze vifaa asome namba zilizo nyuma kwa sauti, kisha aitume mahali ambapo si kwenye ile simu wala ile laptopu. Inachukua muda mfupi kuliko hotuba hii.

Sasa nifike kwenye lile linalowauma watu kuliko yote na ambalo mawakala wengi hawalielezi wakati wa kuuza, sijui kwanini, au najua lakini nisiseme. Kukatia bima pungufu. Tuseme vitu vyako vyote vya ndani, kuanzia kitanda mpaka vijiko, thamani yake ni milioni 10. Wewe siku ya kujaza fomu ukataka ada iwe ndogo ukaandika milioni 5. Wezi wakaja wakachukua vya milioni 2. Wewe kichwani unasema nimekatia 5, nimepoteza 2, nitapata 2 zangu. Mkataba wenye kipengele cha uwiano unasema hapana, ulikata nusu ya thamani, kwahiyo nusu ya hasara uliibeba mwenyewe tangu mwanzo, unapata milioni 1. Halafu hapo inatolewa ekses, ile sehemu ya mwanzo ambayo unajibebea mwenyewe kila dai. Mtu anatoka ofisini anasema kampuni matapeli. Hesabu ni halali, kipengele kipo, ila hakuna aliyemwambia, na hapo mimi namuonea huruma kweli.

Cha kufanya kama ndo umeshaibiwa na mkaguzi anasema ulikata pungufu? Muulize kwa maandishi amepataje hiyo jumla ya milioni 10. Wakati mwingine mkaguzi anapita chumba kwa chumba anakadiria kila kitu kwa bei ya dukani ya kipya wakati mkataba wako unalipa thamani baada ya uchakavu. Haiwezekani kochi langu lihesabiwe kama jipya kwenye kutafuta jumla halafu lihesabiwe kama kuukuu kwenye kunilipa. Kipimo kiwe kimoja pande zote mbili. Hii hoja mkiishika mtaokoa hela nyingi, na wenzangu ndo hapa watanuna.

Uchakavu wenyewe ni hivi. Kuna mikataba inayolipa kipya kwa cha zamani na kuna inayolipa thamani ya kitu kwa umri wake siku kilipoibiwa. Kama wako ni huo wa pili, usitegemee bei ya dukani, lakini pia usikubali tu asilimia yoyote utakayotajiwa. Tafuta vitu vya modeli hiyohiyo na umri unaokaribiana vinavyouzwa vikiwa vimetumika, piga picha matangazo matatu manne, weka na dai lako. Mkaguzi akiwa na jedwali lake na wewe una bei za soko, mazungumzo yanabadilika. Na mkataba mara nyingi unaipa kampuni haki ya kuchagua, ikulipe hela, ikutengenezee, au ikununulie kingine, kwahiyo usikimbilie kununua TV mpya wiki ileile kabla hawajakubali, unaweza kujikuta una TV mbili na mfuko mtupu.

Vikomo nitavipitia haraka. Hela taslimu zina kikomo kidogo sana karibu kila mahali, wengine hawalipi kabisa. Vito, saa, kamera na vitu vya thamani vina kikomo kwa kila kimoja isipokuwa uliviorodhesha kwa majina na thamani yake wakati wa kukata bima. Vitu vya biashara unavyoweka nyumbani na laptopu ya ofisi mara nyingi havimo. Nyumba ikikaa bila mtu muda mrefu, mikataba mingi inaandika siku 30 au 60 mfululizo, bima ya wizi inasimama. Na ukisema kwenye fomu kwamba una alamu au vitasa vya aina fulani basi viwepo na vifanye kazi, alamu iliyokufa tangu mwaka jana inaweza kukugharimu dai zima.

Atakuja mtu nyumbani, mkadiria hasara, ndo yule mkaguzi niliyekuwa namtaja. Wengine wanamchukulia kama adui, wengine kama rafiki wa familia wanamwagia mpaka siri za ndoa. Huyu anatumwa na kulipwa na kampuni, anatakiwa awe wa haki, na wengi wako hivyo, ila hafanyi kazi kwa ajili yako. Mkaribishe, mpe maji, muonyeshe mlango na lile kufuli kwenye mfuko, mpe nakala, usimpe halisi. Akikuuliza kitu hukijui sema sijui nitaangalia, hilo ni jibu kamili. Ukibahatisha tarehe leo ukataja nyingine kesho, kwenye ripoti inaandikwa maelezo yanapingana. Akikupa maelezo ya kusaini yasome mpaka mwisho, pale alipoandika tofauti na ulivyosema kata, andika sahihi, weka saini pembeni. Na usiku uleule mtumie ujumbe: leo umekuja, umeona hiki na hiki, nimekupa nyaraka hizi, bado unasubiri ile. Huo ujumbe utaushukuru mwezi wa tatu faili likihamia kwa mtu mwingine.

Kuna kishawishi nacho nikiseme wazi. Ukijua kuna ekses itakatwa na uchakavu utakatwa, rafiki anakwambia ongeza vitu viwili vitatu ufidie. Usithubutu. Mikataba karibu yote, na sheria za nchi nyingi, zinasema dai likiwa na udanganyifu wa kuongeza hasara linaanguka lote, hata vile vya kweli, na jina lako linaweza kwenda kwa wengine na polisi juu. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya meli moja inaitwa DC Merwestone iliyoingia maji chumba cha injini, wenye meli walikuwa wamesema uongo kwenye maelezo, lakini hasara ilikuwa ya kweli na ule uongo haukuwa na athari yoyote kwenye haki yao ya kulipwa, mahakama ikasema dai halifi kwa uongo wa namna hiyo. Nawaambia hii kwasababu kuna watu huwa wanaisikia nusunusu wakadhani ni ruhusa. Mahakama ileile haikugusa habari ya kuongeza hasara, hiyo bado inaua dai, na waliohangaika mahakamani miaka ile yote walikuwa na mawakili, wewe una mimi tu hapa na maiki.

Basi siku inafika unaletewa ofa. Kabla hujasaini omba mchanganuo, kitu kwa kitu, walikubali nini, walikata nini na kwa kipengele gani. Ile karatasi ya malipo karibu siku zote ina sentensi inayosema umelipwa kikamilifu na huna dai lingine juu ya tukio hili. Ukishasaini hiyo, kurudi nyuma ni kazi ngumu sana. Kama unakubaliana na vitu kumi na saba na mnabishania sita, waombe kwa maandishi wakulipe vile visivyo na ubishi kama malipo ya sehemu huku vingine vikiendelea. Kampuni nyingi zinakubali ukiomba, ila hakuna atakayekukumbusha. Na usisaini kwa sababu umeambiwa ofa inaisha Ijumaa, uliza hiyo Ijumaa imeandikwa kwenye kipengele gani.

Wakikukatalia, kataa kukataliwa kwa mdomo. Barua, yenye namba ya kipengele. Isome pamoja na mkataba, mara nyingi utakuta kipengele kina "isipokuwa" mbele yake ambayo barua haikuitaja. Andika malalamiko rasmi ndani ya kampuni kwanza, mafupi, yenye tarehe na viambatanisho, bila matusi, matusi yanasomwa na watu wengi na hayaongezi hata senti. Wakishindwa, nenda kwa ombudsman wa bima, yani msuluhishi wa malalamiko asiye wa kampuni, au mamlaka inayosimamia kampuni za bima, nchi nyingi zina chombo cha namna hiyo na kupeleka malalamiko mara nyingi ni bure au bei ndogo. Angalia muda wa mwisho tu, mikataba na sheria zina ukomo wa kudai na hauhesabu kwamba mlikuwa mnaandikiana barua kwa upole.

Na vitu vikipatikana baada ya kulipwa? Inatokea. Ukishalipwa thamani kamili ya kitu, kwa kawaida kile kitu kinakuwa cha kampuni, kwahiyo polisi wakikupigia kwamba laptopu imepatikana toa taarifa, mnaweza kukubaliana uirudishe hela uchukue laptopu yako yenye picha zako. Msingi wake ni wa siku nyingi, kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1883, Castellain na Preston, mtu aliuza nyumba, ikaungua kabla mauzo hayajakamilika, akalipwa na bima na baadae akalipwa bei yote na mnunuzi, mahakama ikamwambia hela ya bima rudisha. Fidia inakurudisha ulipokuwa, haikupandishi ngazi. Na ukikaa kimya na laptopu zako mbili, tumerudi kwenye ule udanganyifu niliousema.

La mwisho ni mkataba ukifika wakati wa kuhuisha. Ada inaweza kupanda, na ukihamia kampuni nyingine watakuuliza kama umewahi kudai, jibu kweli hata kama dai lilikataliwa. Halafu pandisha thamani kulingana na vitu ulivyo navyo sasa, hasa umenunua vipya kwa hela ya fidia, na vito viorodheshe kwa majina safari hii.

Nimemaliza upande wangu, tuje kwenye maswali. Naanza na yule mama wa shali ya kijani, maana amenyoosha mkono tangu nilipotaja milioni 10 na 5, naona kuna jambo.